Sindano Moja Kabla ya Kisu

Kanuni ilikuwa hivi: mama anayekwenda kupasuliwa achomwe sindano ya antibayotiki kabla kisu hakijagusa ngozi, ili kisu kinapopita, dawa iwe imekwisha kuingia kwenye damu. Upasuaji ukiisha vizuri na kidonda kikiwa kisafi, basi. Hakuna sindano za asubuhi na jioni, wala mfuko wa vidonge wa kwenda nao nyumbani. Dawa zaidi hupewa mwenye ugonjwa. Mwenye wasiwasi huelezwa.

Somoe Shuaibu aliishika kanuni hiyo kwa kila mgonjwa aliyelala mbele yake. Ilipomfikia mtu wa damu yake, aliishika vilevile.

Somoe ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya kimoja kilicho kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Ni mwanamke mfupi, mnene, anayetembea kwa haraka na kusema polepole. Saa yake ameibana kifuani kwa pini, na mikono yake imekauka kwa sabuni. Watu wa vijiji vya pale wanamwita Mama Kanuni. Wengine wanamwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kejeli, naye huwaitikia wote kwa sauti moja.

Hakuzaliwa hivyo. Alipoanza kazi alifanya kama wenzake walivyokuwa wakifanya. Kila aliyepasuliwa alichomwa sindano siku baada ya siku, kisha akaondoka na vidonge. Ndugu walihesabu hiyo ndiyo huduma, na mgonjwa aliyetoka mikono mitupu alionekana ametupwa. Wauguzi nao waliona ni rahisi. Kuchoma sindano kunachukua muda mfupi kuliko kuchemsha vyombo ipasavyo, kunawa mikono ipasavyo na kuwazuia watu kuingia chumba cha upasuaji na viatu vya njiani. Dawa ilifanywa shuka la kufunikia uzembe. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akaletwa mama mmoja kutoka Ubena. Alikuwa amepasuliwa kwingine, akapewa dawa nyingi, akameza zote, na nyingine akanunua mwenyewe dukani. Kidonda chake kilikuwa kimechimbika na kinanuka. Wakampa dawa ya kwanza, haikufanya kitu. Wakampa ya pili, ikawa kama maji. Majibu ya maabara yalipofika kutoka mjini, Somoe aliyasoma akiwa amesimama mlangoni: vijidudu vya kidonda kile vilikwisha kuzizoea dawa zote zilizokuwa kabatini mwao. Walikuwa na kabati lililojaa na hawakuwa na dawa. Mama yule alirudi Ubena amefunikwa, na mtoto wake mchanga akabebwa na mama mdogo.

Tangu siku ile Somoe hakuhitaji kusukumwa. Mwongozo wa sindano moja ulipofika kituoni, wengine waliuona kuwa maagizo mengine ya wakubwa. Yeye aliuona kuwa ni jibu la yule mama wa Ubena. Akaweka utaratibu ambao mpaka leo haujavunjwa: kabla daktari hajashika kisu, Somoe huuliza kwa sauti kama sindano imeingia, na aliyeichoma hujibu kwa sauti. Asipojibu, kisu hakitolewi kwenye sinia.

Sasa nimlete Naila.

Naila ni binti wa Msabaha, kaka mkubwa wa Somoe, ndugu pekee aliyebaki naye katika tumbo lao. Msabaha anauza matairi na vipuri Msata, na anaishi katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Mkewe alifariki Naila akiwa bado mdogo. Somoe, ambaye hakujaaliwa mtoto, ndiye aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kufunga kanga, na aliyekaa naye ndani alipovunja ungo. Naila akaolewa Bagamoyo mjini na Abdulswamad, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara. Alipokaribia kujifungua mimba yake ya kwanza, akarudi kwa baba yake kama desturi ilivyo, na uchungu ulipomshika akaletwa kituoni kwa shangazi yake.

Uchungu ulikwenda vizuri, kisha ukasimama. Mapigo ya mtoto yakaanza kupungua. Daktari Najim, kijana wa Pangani aliyekuwa zamu, alimpima mara moja akanyanyua kichwa.

"Dada Somoe, huyu hatazaa kwa njia ya kawaida. Tumwandae."

"Anaandaliwa," alisema Somoe, na tayari alikuwa anafungua mshipa.

Sindano ya kuzuia maambukizi ilichomwa wakati mtu wa usingizi akipanga dawa yake ya mgongoni, hivyo hakuna dakika iliyopotea. Nje, Msabaha aligonga mlango kwa kiganja.

"Mnangoja nini humo?"

Somoe alitoa kichwa. "Kaka, kaa kwenye benchi. Ukigonga hatapasuliwa haraka zaidi."

"Somoe, yule ni mwanangu."

"Ni wangu pia. Kaa."

Akafunga mlango, akanawa upya mikono ambayo alikuwa amekwisha kuinawa, akavaa glavu. Naila alilala akiangalia dari. Daktari akanyoosha mkono kuomba kisu.

"Sindano imeingia?" Somoe aliuliza, kwa sauti ileile anayoulizia wanawake asiowajua.

"Imeingia," mwenzake alijibu.

"Daktari, endelea."

Mtoto alitoka wa kiume, mweusi kwa hasira, na alilia kabla hajafutwa. Somoe alimpokea kutoka mikononi mwa daktari, akamkausha, akamweka shavuni kwa mama yake. Kidonda kilishonwa. Hakikuwa na tatizo lolote.

Tatizo lilianza wodini. Kesho yake Bi Chausiku, mama yake Abdulswamad, aliwasili kutoka Bagamoyo. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, mwenye hina kuchani, aliyezoea kusikilizwa. Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi: kumkanda mama aliyejifungua kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, kumbana tumbo kwa kitambaa, na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka atoke arobaini. Kwa kuwa Naila hakuwa na mama, Msabaha alikuwa amemwomba mkwe wake aje akae nyumbani kwake, naye alikuja na termosi ya uji, furushi la kanga, na sufuria kubwa iliyofungwa kwa kamba.

"Sufuria hiyo ya nini hospitali, mama?" aliuliza Somoe baada ya kumpa shikamoo.

"Marahaba. Sufuria hii imekanda nusu ya Bagamoyo. Haiwezi kuachwa nyumbani ikaibiwa." Bi Chausiku akainama kumtazama Naila. "Umechomwa sindano ngapi leo, mwanangu?"

"Sijachomwa, mama. Nimepewa vidonge vya maumivu."

"Na jioni?"

"Sitachomwa."

Bi Chausiku alijinyoosha. "Mbuzi wangu alikatwa na seng'enge, bwana mifugo akamchoma sindano mpaka yule mbuzi akawa akimwona anakimbia. Huyu ameshonwa kama gunia, hapewi kitu?"

Mwanamke wa kitanda cha pili alicheka huku ameshika tumbo lake, kwa maana naye alikuwa ameshonwa na kucheka kulimuuma. Somoe hakucheka.

"Dawa yake aliipata kabla ya kupasuliwa, mama. Ilifanya kazi yake. Nikimwongezea sasa sizuii kitu. Ninavifundisha vijidudu kuizoea, na siku atakapoihitaji kweli haitamsaidia."

"Vijidudu vinafundishwa? Vina chuo?"

"Hufundishwa na sisi, kila siku, dukani."

Bi Chausiku alimgeukia Msabaha, aliyekuwa amekaa mguuni mwa kitanda. Msabaha alikuwa amekwisha kujaa hasira.

Jioni Daktari Najim alimvuta Somoe kando, karibu na ndoo za kunawia.

"Dada, kaka yako amenijia ofisini. Nikimwandikia siku chache tu, nani atauliza? Ni mtoto wa nyumbani."

"Ndiyo sababu usimwandikie."

"Sikuelewi."

"Vitanda vingine vinne vina wanawake waliopasuliwa. Ndugu zao tumewaambia hakuna haja. Kesho wakiona mtoto wa muuguzi anachomwa, watasema dawa ipo, ila ni ya wenye watu wao. Na watakuwa wamesema kweli. Baada ya hapo nitamwambia nani anisikilize?"

Najim alikuna shingo. "Kaka yako atanila mimi, Dada Somoe."

"Ataanza na mimi. Mimi ndiye mnene."

Daktari alicheka, na hakuandika. Nampa sifa yake. Wapo wengi ambao wangeandika, wakaita huo ni ubinadamu. Upendeleo katika hospitali huingia kwa sura hiyo hiyo ya wema, kidogo kidogo, mpaka kanuni inabaki ya kuwabana wasio na ndugu.

Msabaha hakukata tamaa. Siku iliyofuata alikuja na pakiti ya kapsuli za rangi mbili aliyoinunua kwenye duka la dawa karibu na stendi. Aliitoa mfukoni mbele ya wodi nzima.

"Kama hutaki azimeze, nitazifungua nimnyunyizie unga wake kwenye kidonda. Jandoni tulifanyiwa hivyo na tukapona."

"Kaka, hukupona kwa sababu ya ule unga. Ulipona licha ya ule unga."

"Nipishe."

Somoe hakupisha. Alisimama kati ya kaka yake na kitanda, kichwa chake kikimfikia kaka yake kifuani. "Kidonda hiki hakifunguliwi na mtu ambaye hajanawa mikono. Na dawa hiyo rudisha dukani."

"Tangu lini unaniamrisha?"

"Nyumbani wewe ni mkubwa wangu, na ukiniambia nikae chini nitakaa. Hapa mimi ni muuguzi wa mwanao."

Msabaha aliangalia ile pakiti, akamwangalia Naila, akairudisha mfukoni. "Lolote litakalompata," alisema polepole, "liko shingoni mwako."

"Nimekubali."

Alisema hivyo kwa kuwa ndivyo alivyoamini. Mtu anayesimamia jambo hana budi kukubali kuwa litawekwa shingoni mwake.

Siku ya kuruhusiwa, Somoe alimwita Bi Chausiku pembeni na kumweleza kwa utaratibu. Kidonda kisilowe. Tumbo lisikandwe, lisibanwe, lisiwekwe kitambaa cha moto. Miguu na mgongo hapana neno. Mikono ioshwe kwa sabuni. Homa, maumivu yanayozidi au majimaji kwenye kidonda, aletwe saa hiyohiyo bila kungoja.

"Nimesikia, muuguzi," alisema Bi Chausiku.

Alisema amesikia. Hakusema atafanya.

Wakamchukua Naila nyumbani Msata. Somoe alikwenda kumtazama kila alipotoka zamu, na siku za mwanzo alimkuta vizuri, mtoto akinyonya, plasta ikiwa kavu. Kisha zamu zikabana, mwenzake akaugua, naye akashindwa kwenda kwa siku kadhaa. Wiki ya pili ilipoanza, Msabaha alimleta Naila kituoni kwa gari la jirani. Binti alikuwa anatetemeka, macho yamezama.

"Haya," alisema Msabaha mlangoni, mbele ya watu waliokuwa wakingoja. "Ulichokitaka hiki hapa."

Somoe alimwingiza Naila kwenye chumba cha kusafishia vidonda, akafunga mlango, akanawa, akafunua. Upande mmoja wa kidonda ulikuwa umevimba, mwekundu, unatoa usaha. Juu yake ngozi ya tumbo ilikuwa inang'aa, imeiva kwa joto. Plasta haikuwa ile aliyoiweka yeye. Na katika mkunjo wa tumbo palikuwa na kipande cha jani kilichochemshwa, kidogo kama ukucha.

Somoe alikitoa kwa koleo, akakiweka kwenye sinia. Wote wawili wakakitazama.

"Ulikandwa," alisema.

"Juu juu tu, shangazi."

"Juu juu ya wapi?"

Naila akaanza kulia bila sauti. "Kila asubuhi, baba akishakwenda dukani. Alisema damu ya uzazi isipotoka nitabaki na tumbo la mimba, na mume wangu ataninyooshea kidole. Plasta ikalowa, ikatoka. Akaweka kitambaa, safi, alikipiga pasi mwenyewe. Shangazi, hakunifanyia ubaya. Analala chini ili mimi nilale kitandani. Usiku mtoto akilia yeye ndiye anayeamka."

"Najua hakukusudia."

"Usimwambie baba. Atamfukuza. Na mama akifukuzwa nyumbani kwa baba yangu, mimi nitarudi vipi kwa Abdulswamad? Nakuomba, shangazi. Nimekwambia wewe kwa kuwa uko hapa."

Uko hapa, yaani ndani ya chumba hiki, umevaa sare. Somoe alielewa. Lililosemwa na mgonjwa akiwa juu ya meza ya matibabu halitoki mlangoni, na hiyo nayo ni kanuni, ya zamani kuliko ile ya sindano.

Niwe mkweli hapa, maana Somoe mwenyewe alikuwa mkweli. Hakuweza kuapa kwamba kukandwa peke yake ndiko kulikoharibu kidonda. Hata kidonda kilichotunzwa vizuri huweza kuharibika mara chache. Lakini maji ya moto, majani na plasta iliyolowa juu ya nyuzi mpya, mtu hahitaji kuapa.

Daktari Najim akaja. Wakafungua ule upande, wakatoa usaha, wakaosha, wakachukua kiasi cha kupeleka maabara. Safari hii daktari aliandika antibayotiki bila kusita, na Somoe aliichoma bila kusita, kwa kuwa sasa palikuwa na ugonjwa. Ilikuwa dawa ya kawaida, ile iliyokuwa rafu ya chini ya kabati. Homa ikashuka. Uwekundu ukarudi nyuma. Majibu yalipofika yalisema dawa ileile ndiyo iliyofaa. Somoe aliyasoma akiwa amesimama mlangoni, palepale aliposomea yale ya mama wa Ubena, na kwa mara ya kwanza katika siku hizo akakaa kwenye kiti.

Msabaha alikuwa wodini wakati muuguzi mwingine akitundika chupa ya dawa. Aliitazama ikidondoka, tone kwa tone.

"Kumbe zilikuwepo," alisema.

"Zilikuwepo, kaka," alijibu Somoe.

"Zilikuwepo, na ukamnyima mpaka akaoza."

"Nilizitunza."

"Ulimtunzia nani? Nani ulikuwa naye zaidi ya huyu?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa fupi, lingemtoa lawamani mbele ya wodi nzima. Angesema tu: muulize mgeni wako anafanya nini asubuhi ukienda dukani. Bi Chausiku alikuwa amesimama karibu na dirisha na mtoto kifuani, amempa Msabaha mgongo. Naila alifumba macho.

"Nimekusikia, kaka," alisema Somoe. Akaenda kumpima mgonjwa wa kitanda kilichofuata.

Msabaha alitoka, na maneno yake yakatoka naye. Kufika mwisho wa wiki ilikuwa imeenea mpaka Vigwaza kwamba Mama Kanuni alimnyima dawa mtoto wa kaka yake mpaka akaoza, kisha akaona haya akampa. Wako wanawake walioahirisha kwenda kituoni kwa ajili ya habari hiyo. Hilo lilimuuma Somoe kuliko matusi.

Alilolifanya Somoe baada ya hapo ndilo linalonifanya niandike habari zake. Angeweza kukaa na uchungu wake, akajiona mwema. Badala yake alichukua ruhusa ya asubuhi moja, Naila akiwa bado amelazwa, akaenda nyumbani kwa kaka yake wakati anaojua kaka yuko dukani. Alimkuta Bi Chausiku uani, anakoroga uji wa kupeleka wodini. Sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa kifudifudi karibu na mafiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu kiti." Hakuinua macho. "Umekuja kunitoa roho. Nitoe, sijui kukimbia."

"Nimekuja kuzungumza."

"Alikwambia?"

"Kidonda kiliniambia. Kilikuwa na jani."

Bi Chausiku aliacha kukoroga. "Nimekanda wazazi kabla hujazaliwa wewe. Hakuna aliyeharibika mkononi mwangu."

"Hao hawakuwa wamepasuliwa."

"Tumbo ni tumbo."

"Mama, hao uliowakanda mtoto alitoka kwa mlango wake. Huyu tulimtolea ukutani. Ukuta umezibwa juzi, tope halijakauka, wewe unamwagia maji ya moto."

Bi Chausiku alisukuma kuni mafigani, moshi ukimpita usoni. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hana mama. Nilisema asije akaambiwa alilelewa uzazi wake ovyo kwa sababu hana mama. Nilitaka atoke arobaini watu wamtazame."

"Najua."

"Utamwambia Msabaha?"

"Hapana."

"Kwa nini? Anakutukana njiani mimi nasikia."

"Kwa sababu siri si yangu. Lakini nataka kitu, mama, na sitaki unijibu kwamba umesikia. Nataka uniambie utafanya. Mwanamke aliyepasuliwa, usimguse tumbo. Mpikie uji, mkande miguu, mlee mtoto wake, yote uyajuayo. Tumbo na kidonda tuachie sisi. Na wenzako wanaokanda huko mjini, uwaambie wewe. Wakiambiwa na mimi watanicheka."

"Watanicheka na mimi."

"Wewe unaweza kuwanyamazisha."

Bi Chausiku karibu atabasamu. Alichukua mwiko, akaukung'uta ukingoni mwa sufuria ya uji. "Nitafanya," alisema.

Na alifanya. Alipowarudisha Naila na mtoto Bagamoyo, akaitwa kukanda mzazi mwingine, aliuliza mlangoni kwanza: amezaa kwa njia gani? Alipoambiwa amepasuliwa, alikanda miguu na mgongo, akapika uji, akamwambia mwenye nyumba kwamba kidonda cha kisu si kazi yake. Wakandaji wenzake wakasema Bi Chausiku amezeeka, mikono imeisha nguvu. Aliwajibu kwamba nguvu anazo, na anayetaka kuzijaribu asogee. Polepole wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Wauguzi wa huko wameona tofauti, bila kujua imetoka wapi.

Somoe alijua imetoka wapi, na hakumwambia mtu. Kumwambia kaka yake kungekuwa kulivunja neno alilolitoa. Mara mbili alikwenda dukani Msata kumsalimia. Mara ya kwanza Msabaha aliendelea kukagua tairi kana kwamba hakuna mtu. Mara ya pili alimwambia kijana wa dukani, huku Somoe amesimama hapo, "Mwulize mteja anataka nini."

Siku ya arobaini, Naila alitolewa nje nyumbani kwa baba yake, kabla ya kurudi Bagamoyo. Palisomwa dua, pakapikwa pilau, na mtoto akapewa jina la babu yake Naila, yaani Shuaibu, baba wa Msabaha na Somoe. Kazi ya kumtoa mzazi nje akiwa amemshika mtoto ni ya shangazi. Msabaha aliipa jirani. Kwa Somoe hakuletwa ujumbe, hata sahani.

Siku hiyo Somoe alikuwa zamu. Aliletwa mama kutoka mashamba ya ndani, mtoto amelala vibaya tumboni, na ndugu zake wawili wakasimama mlangoni. Mmoja alikuwa amekwisha kusikia habari za Naila. Alimwambia Somoe usoni kwamba dada yao asipopewa dawa za kutosha watajua la kufanya.

"Atapewa inayotosha," alijibu Somoe. "Kaeni kwenye benchi."

Akaingia, akanawa, akavaa glavu, akajongea mezani. Daktari Najim akanyoosha mkono.

"Sindano imeingia?" aliuliza Somoe.

"Imeingia."

"Daktari, endelea."

Mama yule aliondoka bila mfuko wa vidonge, na kidonda chake kilifunga kikavu. Ndugu zake hawakurudi kushukuru. Hakuna mtu anayerudi kushukuru kwa ugonjwa ambao haukutokea, na anayefanya kazi hii akingoja shukrani hiyo atachoka mapema.

Mtoto Shuaibu sasa anatembea. Naila humtumia shangazi yake picha zake kwa simu, kwa siri, naye huzitazama wakati wa chai kisha huiweka simu mfukoni. Hajampakata tangu mama yake alipotoka wodini. Msabaha hupita mbele ya kituo na gari lililobeba matairi, na hageuzi shingo. Kanuni ile imemgharimu Somoe kaka yake wa pekee.